Mkono Uliozoea Ndege Nyingine

Kabla ya kuwa rubani nilikuwa dereva. Niliendesha gari la zahanati ya kanisa miaka kumi na saba, kutoka Kitui mjini hadi Tulia na kwingine kote ambako barabara inakubali na ambako haikubali. Kisha wazee wa kanisa wakaamua kwamba mtu ambaye hajaangusha gari katika makorongo yale hawezi kushindwa na anga, ambako hakuna korongo hata moja. Hivyo ndivyo walivyosema, na hakuna aliyecheka. Wakanipeleka Nairobi kusomea, nikarudi na leseni, nikarusha ndege moja, ile ile moja, kwa miaka kumi na tisa.

Nasema haya mapema ili mtu asidhani sikuijua kazi. Ile ndege ya zamani niliijua kuliko ninavyolijua shamba langu. Mabawa yake yalikuwa juu, na wagonjwa walisimama chini yake kujikinga na jua. Kifundo cha kuongeza nguvu kilikuwa mbele yangu: nikikisukuma inapanda, nikikivuta inashuka. Koki ya mafuta ilikuwa sakafuni, kati ya viti viwili vya mbele, na ungeweza kuigeuza mahali ambapo matangi yote mawili yanatoa mafuta kwa pamoja. Niliiweka hapo asubuhi nikaisahau hadi jioni. Sikuwa nafikiria. Mkono ulikuwa unafikiria kwa niaba yangu, na mimi nikawa naangalia mito na kuhesabu mabati mapya ya watu.

Basi ndege ilizeeka. Mafundi walisema mwili wake umechoka, na wafadhili wa ng'ambo wakaleta nyingine, iliyotumika lakini safi. Siku ya kuiweka wakfu kwaya mbili ziliimba. Mimi nilikuwa nimesimama mbele na suti yangu ya harusi, nikiangalia ndani ya dirisha la ndege hiyo.

Hakuna kitu kilichokuwa mahali pake. Mabawa yalikuwa chini. Badala ya kifundo cha kusukuma kulikuwa na vijiti vitatu vilivyopangwa mstari. Kisukani kidogo cha kusawazisha pua ya ndege kilikuwa kwenye dari, cha kuzungusha, kama kile cha kufungulia dirisha la gari la zamani. Koki ya mafuta ilikuwa ukutani upande wa kushoto, karibu na muundi wangu, na haikujua habari ya matangi mawili kwa pamoja. Ni kushoto au ni kulia, na kila nusu saa rubani lazima akumbuke kugeuza, la sivyo tangi moja linakauka huku jingine limejaa. Na pale sakafuni, kati ya viti, pale pale ambapo mkono wangu ulikuwa umezoea kukuta koki, palikuwa na chuma kirefu cha kuvuta juu. Hicho kilikuwa cha kushusha vibawa vya nyuma, vile vinavyopunguza mwendo wakati wa kutua.

Kanisa lilimleta mwalimu kutoka Nairobi. Alikuwa msichana wa umri wa binti yangu wa pili, mwenye saa kubwa mkononi na maneno machache. Siku ya kwanza, ndege ikiwa bado inatembea chini uwanjani Kitui, ng'ombe wawili walikatiza mbele. Nilifanya ambacho dereva yeyote angefanya. Nilishika kile chuma cha sakafuni nikakivuta kwa nguvu zangu zote, nikidhani moyoni ni breki ya mkono. Ndege haikusimama hata kidogo. Ilishusha vibawa tu, ikaendelea kuwafuata ng'ombe polepole. Yeye ndiye aliyekanyaga breki.

"Mzee," akaniambia, "wewe ulikuwa dereva?"

"Miaka kumi na saba."

"Naona. Sasa hii si handbrake. Hii ni flaps. Breki ziko miguuni."

"Najua."

"Wewe unajua. Huo mkono ndio haujui."

Nilikasirika. Mimi si mtu wa kuambiwa habari za mkono wangu na mtoto wa watu. Lakini alikuwa anasema kweli, na alisema kweli siku zote kumi za mafunzo. Tukiwa hewani angezima kitu bila kunionya, aseme, "Injini imekufa, fanya kazi," na mkono wangu wa kulia ungeshuka sakafuni kutafuta koki. Angeupiga kidogo kwa kalamu. Ungepanda, na dakika tano baadaye ungeshuka tena.

Nyumbani Matinyani nilichora vyombo vyote vya ndege kwenye boksi la mafuta ya kupikia, nikaliegemeza ukutani, nikaketi mbele yake kwenye kiti. Mwiko wa kusongea nilioufunga kwa kamba kwenye mguu wa kiti ukawa chuma cha vibawa. Kizibo cha chupa nilichogongomea ubao kikawa koki. Nilikaa pale kila jioni nikishika hiki na kile, nikisema majina kwa sauti. Mke wangu aliuvumilia upuuzi huo siku tatu. Siku ya nne alikuja kuchukua mwiko wake.

"Baba, ukifika Nairobi uniambie," akasema. "Mimi nasonga ugali."

Tulicheka. Kisha akasimama mlangoni akaniuliza, bila utani sasa, kwa nini nisiwaache watafute rubani kijana. Nikamtajia wagonjwa. Ukweli ni kwamba kulikuwa na wagonjwa wa macho upande wa Matiliku waliokuwa wamengoja miezi, na kwa barabara ukizunguka kutafuta daraja ni safari ya kummaliza mtu mzima, achilia mbali mzee asiyeona. Lakini huo haukuwa ukweli wote. Nilikuwa naogopa kwamba nisiporuka mimi si mtu tena. Na nilikuwa naogopa zaidi kwamba nikiruka nitaua watu. Hofu hizo mbili zililala nami kitanda kimoja, na hakuna hata moja niliyomwambia.

Siku ya kumi mwalimu alinipa mtihani. Mkono ulitii. Sijui kwa nini siku hiyo ulitii, lakini ulitii, kila mara, ukutani, kushoto, kulia, bila kukosea. Akanitilia sahihi. Kabla ya kuondoka alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Kila nusu saa, mzee, geuza tangi. Na usome orodha yote ya ukaguzi kabla ya kuwasha. Yote. Usikatishwe na mtu."

Sasa lazima nieleze jinsi tunavyosafiri huku kwetu. Hapa mtu haendi hata Machakos bila kuombewa. Ndege ya kanisa ikiwa inaondoka Matiliku, kwenye kile kiwanja cha vumbi ambacho siku nyingine ni malisho ya mbuzi, watu wote waliowasindikiza wagonjwa huizunguka, wakaweka mikono juu ya mabawa, na mchungaji akaomba. Wakati wa maombi mkono wako unatulia. Ndivyo tulivyolelewa, mama yangu alikuwa akitupiga kwenzi kwa kugusa kijiko kabla ya amina. Kwa miaka kumi na tisa mchungaji alianza kuomba nikiwa nimemaliza orodha yangu, kwa sababu orodha ya ndege ile ilikuwa fupi na yeye alikwisha kuizoea. Akisema amina, nawasha. Amina na ufunguo vilikuwa kitu kimoja.

Orodha ya ndege mpya ilikuwa ndefu zaidi. Hakuna aliyemwambia mchungaji. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, na haikunijia akilini.

Asubuhi ya safari ya kwanza ya wagonjwa tulikuwa tumetoka Kitui, tukapitia kituo kingine, ndipo tukafika Matiliku, na safari yote hiyo nilikuwa nimetumia tangi la kushoto. Nilisema nitageuza tukiwa chini. Alipanda daktari wa macho, akaketi kando yangu, na nyuma wakaketi wagonjwa watatu. Mmoja wao alikuwa bibi mzee mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni chochote isipokuwa mwanga. Nilianza kusoma orodha. Nilifika kwenye mstari wa mafuta, kidole kikiwa juu ya neno lenyewe, nikasikia sauti nje ya dirisha: "Tuombe."

Nilifumba macho. Aliomba kwa muda mrefu. Aliombea injini, aliombea mikono yangu, aliombea mvua. Aliposema amina mkono wangu wa kulia ulienda kwenye ufunguo, kama ulivyoenda miaka yote hiyo, na tukaruka.

Tulikuwa juu ya mto Athi injini iliponyamaza. Mtu ambaye hajawahi kusikia kimya hicho siwezi kumweleza. Upepo unabaki, na pumzi za watu. Nilijua mara moja ni nini. Nasema tena, nilijua. Tangi la kushoto, koki, ukutani. Na mkono wangu wa kulia ukashuka sakafuni, ukashika chuma, ukakivuta.

Vibawa vikashuka. Ndege ikainua tumbo kidogo, kisha ikaanza kuzama.

"Tumefika?" akauliza yule bibi kutoka nyuma, kwa upole kabisa.

Nilirudisha chuma. Nikajiambia, koki. Mkono ukaondoka, ukazunguka hewani, ukarudi kwenye chuma kile kile. Niliutazama ukienda. Mkono wa kushoto ulikuwa umekamata usukani na haukutaka kuuachia. Chini yetu niliona mchanga na mawe na miti ya miiba, na hakuna mahali ambapo ungeweza kuweka hata baiskeli. Sikuomba. Watu huuliza kama niliomba. Nilikuwa natafuta kitu nilichojua kilipo na sikuweza kukifikia, na huo ndio upweke mkubwa niliowahi kuuona.

Daktari wa macho hajui lolote kuhusu ndege. Lakini macho ndiyo kazi yake. Alinyoosha kidole kwenye vipimo vya mafuta akasema, "Mzee, mbona huu mshale wa kushoto umelala na wa kulia umesimama?"

Ni neno "kushoto" lililonitoa nilipokuwa. Nikaachia usukani, mkono wa kushoto ukashuka kwenye muundi wangu, ukaikuta koki, ukaigeuza. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikashika. Tulikuwa chini kiasi kwamba niliona mbuzi wakitawanyika. Nilipozima injini Kitui nilijifanya nasoma karatasi mpaka wote wakashuka.

Nilimpigia mwalimu jioni hiyo. Nilimweleza yote, hata ya mkono kwenda mara ya pili.

"Mzee, kila rubani ashawahi kausha tangi," akasema. "Mimi pia. Umejifunza. Ambia pastor angoje umalize orodha, alafu urudi kazini."

"Na mkono?"

"Utazoea."

Nilitaka anifokee. Nilitaka aseme ameifuta sahihi yake, nirudi Matinyani nikalime mbaazi kama wenzangu. Badala yake alinitakia usiku mwema.

Jumapili nilisimama kanisani. Habari ilikuwa imeshafika kabla yangu, na ilikuwa imefika vizuri: kwamba injini ilikufa angani na Bwana akaiwasha. Nilishika kipaza sauti nikasema hapana, injini haikufa, ni mimi niliyeinyima mafuta. Nikasema nilisahau koki. Nikasema mkono wangu ulivuta kitu kisicho chake, mara mbili, na nusura niwaue watu wanne. Nilisema polepole, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, ili pasiwe na mtu wa kusingizia lugha.

Walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Mchungaji alinikumbatia, akageuka kwa watu akasema, "Mmeona unyenyekevu? Mtu mwingine angejisifu." Nikamwangalia usoni nikataka kumwambia kwamba ni sala yake iliyoingia katikati ya orodha yangu. Lakini ningesemaje jambo hilo mbele ya kanisa zima? Na kosa lilikuwa langu. Nilirudi kwenye benchi nikaketi, na mke wangu akanipa leso. Yeye peke yake hakupiga makofi.

Wiki chache zilipita. Niliruka peke yangu mara kadhaa, kupeleka dawa, na mkono ulikuwa kama mtoto wa shule: siku nyingine umesoma, siku nyingine haujasoma. Kisha ikafika zamu ya Matiliku tena. Yule bibi alikuwa amepasuliwa jicho moja na sasa anakwenda kupasuliwa la pili. Alikuja kiwanjani akitembea bila kushikwa. Akasimama mbele yangu akanikagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Kumbe wewe ni mzee hivi!" akasema. "Sauti yako ni ya kijana."

Watu walicheka, nami nikacheka. Nikamwita mchungaji kando, nikamwomba asubiri nimalize orodha ndipo aombe. Hakukasirika hata kidogo. "Si ungesema tangu zamani," akajibu. Tukapanda. Ndege hii mlango wake ni mmoja tu, upande wa kulia, kwa hiyo mbele rubani huingia kwanza na daktari akafuata. Nilianza kusoma kwa sauti, kidole juu ya kila neno kama wa darasa la kwanza. Nje walinyamaza wote. Hakuna aliyenikatisha, hakukuwa na upepo, hakuna injini iliyokuwa imezimika, saa tatu ya asubuhi. Nikafika kwenye mstari wa mafuta, nikasoma, "Koki ya mafuta."

Na mkono wangu wa kulia ukashuka sakafuni ukashika chuma.

Niliuacha pale, nikautazama. Wakati ule juu ya mto nilikuwa na woga wa kusingizia. Sasa sikuwa na chochote. Nikatoa ufunguo nikawageukia.

"Samahanini," nikasema. "Leo hatutaruka. Mshuke."

"Kuna nini, mzee?" akauliza daktari.

"Mimi. Mkono wangu bado. Siuamini."

Hakuna aliyesogea. Bibi alikuwa tayari amefunga mkanda, mkoba wake magotini. "Twende tu, mwanangu," akasema. "Nilipanda kwako nikiwa kipofu. Sasa naona, ndiyo nishuke?"

"Susu, bibi yangu, tafadhali. Mara ile nilikaribia kukuua."

"Na uliniua?"

Nilieleza upya. Nilieleza kwa hasira, kisha kwa kubembeleza. Mgonjwa wa pili akasema huyo ni adui anayenitia hofu. Nje mchungaji aliuliza kama ni wakati wa kuomba. Nilimwomba daktari anipishe nishuke mimi, kwa kuwa hakukuwa na mlango mwingine, naye akanijibu kwa adabu kubwa, "Soma tena, mzee, tutangoja." Wakaanza kuimba. Jua lilipanda, na ndani ya ndege ile, isiyo na kivuli popote, joto likawa la kupikia. Jasho lilimtiririka bibi hadi kwenye jicho lake lililopona, naye akawa analifuta kwa ncha ya kitenge na kuendelea kuimba. Nilisoma orodha mara ya pili na mkono ukaenda ukutani. Nikasoma mara ya tatu, ukaenda sakafuni.

Hapo ndipo niliposema uongo. Niliwaambia nimeona kitu kwenye mishale, kwamba injini ina hitilafu na haiwezi kuwaka mpaka fundi aje.

Walishuka mara moja. Daktari alifungua mlango bila swali, akamshika bibi mkono, wote wakateremka bawa kwa uangalifu, wakinipa pole. Bibi aliniambia nisijali, jicho lililongoja miaka linaweza kungoja tena, na chuma ni chuma, huharibika. Mimi nilishuka wa mwisho. Mchungaji alikuwa amekwisha kuwakusanya watu mbele ya ndege, kofia mikononi, na aliponiona akanisogezea nafasi kando yake. Akaweka kiganja juu ya injini, injini nzima isiyo na kosa lolote, akaanza kuiombea ipone.

Nilisimama pale pamoja nao, mkono wangu wa kulia ukiwa mfukoni, nikasema amina.